Fundi wa Matimba na Kasuku wa Mninga

Kabla hujashuka kwenye duara letu la Rwamgasa ilikuwa lazima kwanza umsikie yule mzee akigonga. Duara ndilo shimo la kuchimbia dhahabu. Linakwenda chini wima, na likikuta mwamba linatoa matawi ya kufuata mkanda wa jiwe. Matimba ni magogo yanayosimamishwa humo ndani ili yashike kuta na dari. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa matimba. Kila asubuhi alishuka peke yake, akagonga gogo moja moja kwa kisogo cha shoka, akasikiliza. Sisi tulikaa juu tumeshika kamba, hakuna anayepiga soga. Akipanda akasema "nendeni," tulikwenda. Akipanda kimya akaanza kupekua lundo la magogo, tulijua kazi itachelewa na mwenye duara atanuna mpaka jioni.

Watu wote walimwita Fundi. Hata mkewe, Mama Skola, aliyekuja kumtembelea mara mbili kwa mwaka kutoka Ushirombo na mfuko wa karanga, alimwita Fundi. Jina lake nililiona siku moja kwenye kitambulisho cha kura, na sitaliandika hapa kwa sababu angechukia.

Alikuwa mfupi, bega moja limeshuka kuliko jingine, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimeishia katikati. Jua liwake vipi, alivaa koti la suti la kijivu juu ya ovaroli. Akifika kwenye duara alilivua, akalikunja, akaweka jiwe juu yake, na ole wake atakayeligusa. Asidhani mtu kwamba nasimulia habari za malaika. Alikuwa mkali na mchoyo wa sukari, aliyoitunza kwenye kikopo cha vidonge na kuchota kwa ncha ya kisu. Kijana mmoja aliwahi kuchoma gogo lake kuota moto, akapigwa kibao ambacho wengine wote tuliona kinatutosha na sisi. Neno lake kubwa lilikuwa "ngoja kwanza." Ukimletea chakula, ngoja kwanza. Ukimwambia mwamba unatoa jiwe zuri na watu wana haraka, ngoja kwanza, tena kwa sauti ya chini zaidi.

Nitasema mapema nilichomfanyia, nisije nikaonekana mwema kwa kurasa mbili halafu nikaharibu mwishoni. Nilimsaliti. Na baada ya kumsaliti niliendelea kushuka kila siku, zaidi ya miaka miwili, chini ya magogo aliyoyasimamisha kwa mikono yake, bila kujua kama anajua. Hayo ndiyo yaliyonifanya nimchunguze kuliko nilivyowahi kumchunguza baba yangu. Nilijua anavyokohoa akiwa na hasira na anavyokohoa akiwa na vumbi.

Sikio lake lilikuwa jambo la ajabu. Siku moja ilikuja pikapu imejaa magogo, yamenyooka, gome limebana, kila mtu akayafurahia. Fundi alizunguka gari mara moja akigonga, akasema yarudishwe. Mwenye gari akalalamika, mwenye duara naye akalalamika. Fundi akashusha gogo moja, akalipasua katikati mbele yao. Ndani palikuwa na unga wa kahawia tu, mchwa wamekula moyo wote na kuacha ganda. Alikwenda kunywa chai yake, akatuacha sisi tukitazamana na yule mwenye gari.

Na sasa kuna jambo ambalo sikulielewa kwa muda mrefu. Kama kuna mtu aliyekata miombo ya upande ule kuliko Fundi, mimi simjui. Alikwenda na baiskeli mpaka kwenye mapori ya kuelekea Bukombe, akachagua mti ungali umesimama, akauangusha, akarudi na magogo. Aliwachukia wachoma mkaa kwa moyo wote, akiwaita wezi, ilhali shoka lake ndilo lililotangulia nusu ya njia walizopita. Nilimtania siku moja kwamba yeye na wachoma mkaa ni ndugu wa baba mmoja. Akaniambia nijiandae, Jumapili baada ya misa nitafuatana naye.

Ilikuwa mwanzoni mwa kiangazi. Tulipita mashamba ya mihogo, tukapita maduara yaliyokufa yenye maji ya kijani, tukaacha baiskeli kwa mtu, tukaingia kwenye kipande cha pori kilichobaki kati ya mlima na makorongo. Aliniamuru nizime simu. Tukakaa chini nyuma ya kichaka, na nikipiga mbu alinibana mkono. Mbele yetu ulisimama mninga mkubwa, mzee, ambao wapasua mbao waliuacha kwa sababu una uwazi ndani. Juu, mara tatu ya kimo cha mtu, palikuwa na tundu la mviringo. Fundi aliniambia kwa kunong'ona kwamba lilianza na gongonola, ndege wa kutoboa miti, na gongonola alipohama wakaingia wenyewe wa sasa.

Tulikaa karibu saa nzima. Kisha ukasikika mlio mkali wa sauti ya juu, mfululizo, na ndege wawili wakaingia kwa kasi kubwa katikati ya matawi, wakatua, wakanyamaza ghafla. Sikuwaona. Nilikuwa nautazama mti wenyewe na sikuwaona. Fundi akanishika kidevu akakigeuza.

Hawakuwa kasuku ninaowajua. Ukisema kasuku, watu wengi wanamwona yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayefungiwa kwenye nyumba za mjini akajifunza kuita watoto majina. Yule kwao ni msitu mnene, wenye mvua na kivuli cha mwaka mzima, mbali na sisi. Hawa wa kwetu ni wadogo, kiasi cha njiwa mnene, mkia mfupi, na hawasemi neno la mtu yeyote. Kichwa, mgongo na mabawa ni rangi ya vumbi na gome, ndiyo maana wakitua wanapotea. Lakini mmoja alipogeuka nikaona tumbo: kijani kilichochanganyika na samawati, rangi ambayo sikuwa nimewahi kuiona mahali popote Geita. Kwenye utosi ana mstari wa njano. Kwenye bega, pale bawa linapokunjika, ana njano nyingine, na akiruka njano hiyo inafunguka yote kwa chini. Mdomo mweusi umepinda. Alitumia mguu kama mkono, akashika ganda la mbegu, akalipasua taratibu, akatema makapi.

Fundi alinieleza mengi siku ile kuliko aliyowahi kunieleza kazini. Kwamba wanahitaji mti mkubwa wenye tundu, na mti haupati tundu mpaka uzeeke, na siku hizi hakuna anayeuacha mti uzeeke. Kwamba hawaleti majani wala manyoya ya kutandika, mayai yanalala juu ya unga wa mti wenyewe. Kwamba jike hukaa ndani na dume humletea chakula. Kwamba makinda hayana ule mstari wa njano utosini, huupata wakikua. Alikuwa akiwatazama mwaka wa sita. Nilimuuliza kwa nini asiwaambie watu wa maliasili. Akasema ukimwambia mtu mmoja umewaambia Rwamgasa nzima.

"Nimekwambia wewe," akaongeza. "Basi."

Hakuniapisha. Nafikiri angeniapisha ningekuwa na kitu cha kujitetea nacho, kwamba nililazimishwa kiapo nisichokitaka. Alisema basi, tukaondoka, akanunua kuku wa kuchoma njiani akamla karibu wote peke yake huku akinisimulia ubaya wa watu wanaoua ndege. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Miezi ile duara letu lilikuwa limekauka. Tulichimba, tukapandisha viroba, tukasaga, tukaambulia vumbi. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda maduara mengine. Mwenye duara alikwenda kwa mganga huko Kahama, akarudi uso umechangamka. Mganga alisema mkanda umefungwa, na kinachoufungua ni njano iliyotoka kwa ndege aliye hai: manyoya ya bega la kasuku wa porini, yafukiwe mdomoni mwa shimo. Sicheki. Siku zile sikucheka. Ukikaa muda mrefu unapiga mwamba usiotoa kitu, akili inakubali jambo lolote lenye rangi ya dhahabu.

Wakaanza kuuliza nani amewahi kuona kasuku wa porini. Fundi alikuwa pale, anachonga kabari. Akasema walikwisha zamani, pori limekwisha, wapi tena. Alisema bila kuinua macho, na wote wakamwamini kwa sababu hakuna aliyelijua pori kumshinda. Mimi nilikaa kimya siku hiyo. Nilikaa kimya na ya pili. Siku ya tatu Fundi alikuwa amekwenda Ushirombo kwa mazishi, tunakula ugali na mwenye duara, akasema kwa huzuni ya kweli kwamba mwezi ukiisha hivi atafunga shimo na kila mtu atafute pake. Nikasikia sauti yangu inasema ninapajua mahali.

Niliwapeleka. Walikuwa watatu, nami wa nne. Nilidhani watapanda, watamshika mmoja, watachomoa manyoya machache na kumwachia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia njia nzima. Lakini mti ulikuwa mrefu na hawakuwa na ngazi, na walikuwa na msumeno wa mashine. Sikusema ngoja. Mninga ulianguka kwa mlio mmoja na utomvu mwekundu ukatoka pale ulipokatwa. Ndani ya tundu walimkuta jike yungali hai na makinda mawili yamekufa kwa kishindo. Dume alizunguka juu akipiga ile kelele yake, na hakuondoka mpaka tulipoondoka sisi.

Wakafanya na kosa jingine, la watu wasiojua magogo. Waliona ni hasara kuuacha mti mzima umelala, wakakata vipande vilivyonyooka, wakavileta kwenye lundo la matimba.

Fundi alirudi baada ya siku mbili. Akavua koti, akaliwekea jiwe, akaenda kwenye lundo kuchagua. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Aligonga gogo la kwanza, la pili, na la tatu likajibu kwa sauti ya ngoma. Akaligeuza. Upande wa chini palikuwa na nusu ya tundu la mviringo, ukingo wake laini, umesuguliwa na kifua cha ndege miaka mingi. Akaliweka chini polepole. Akauliza, bila kumtazama yeyote, nani aliwaonyesha. Mwenye duara akajibu haraka kwamba walipita tu wakauona. Fundi akasema sawa. Akachukua shoka, akashuka. Alikaa chini muda mrefu kuliko kawaida, na hatukusikia kugonga.

Uchungu wenyewe ni kwamba wiki ile, manyoya ya yule jike yakiwa yamefukiwa mdomoni mwa shimo, jiwe lenye dhahabu lilitoka. Si kubwa, lakini lilitoka, na watu wakamsifu mganga mpaka mdomo ukawakauka. Nikapata mgawo wangu nikaununulia godoro, na kwenye godoro hilo sikulala vizuri hata siku moja.

Tangu hapo kila asubuhi nilimtazama. Kama ametabasamu, nilijiuliza kwa nini. Kama hakunisalimia, nilijiuliza vilevile. Tawi nililochimba mimi ndilo lililokuwa na mwamba mbovu, na matimba yake yote aliyapiga yeye. Mtu wa kazi ile akitaka kukuua hahitaji kisu, anahitaji tu kulegeza kabari moja na kwenda kunywa chai. Mara mbili nilijifanya naumwa nisishuke. Wenzangu wakanitania kwamba nimepata mwanamke.

Kisha ikaja siku ya dari. Nilikuwa kwenye tawi langu, peke yangu, taa kichwani. Nikasikia timba moja linalia, mlio mwembamba, na mchanga ukaanza kunidondokea shingoni. Nikapiga kelele. Aliyekuja akitambaa alikuwa Fundi, nyundo mkononi na kabari mbili mdomoni. Aliangaza juu, akaona, akanisukuma begani mpaka nikawa chini kabisa ya gogo lile.

"Weka bega hapo. Usiondoke mpaka nikwambie."

Nikaweka bega. Uzito ukaniingia mpaka kwenye nyonga. Alichomeka kabari ya kwanza akaigonga mara tatu. Akachukua ya pili, akaielekeza mahali pake, akainua nyundo. Halafu akasimama. Taa yake ilikuwa usoni kwangu, sikuweza kuona macho yake, niliona mwanga tu. Nyundo ilishuka taratibu mpaka kwenye goti lake ikatulia pale. Mchanga ulikuwa unaendelea kudondoka. Nilitaka kusema ni mimi, nisamehe, nikajua nikifungua mdomo pumzi itaniishia na bega litalegea. Sijui tulikaa hivyo muda gani.

Kisha akaniambia nitoke. Kabari ya pili ilikuwa haijagongwa. Aliweka bega lake mwenyewe, lile lililoshuka, akanisukuma kwa mguu niende. Nikatambaa, nikapanda kamba, nikakaa juu ya udongo nikatapika. Yeye alipanda baadaye, amejaa vumbi, akavaa koti lake. Akasema pale pasichimbwe siku mbili.

Niliondoka Rwamgasa baadaye. Sasa nina mashine ya kukoboa mpunga Kagongwa, kelele yake inanisaidia nisifikirie sana. Fundi naye aliacha kazi kifua kilipozidi, akarudi kwake. Mama Skola ndiye aliyenipigia simu mwaka huu. Alisema mzee hali yake si nzuri, anataja watu wa duara, kama ninaweza nipite.

Nilifika Ushirombo saa tano asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao ukutani, kwenye jua, blanketi mapajani. Amekonda, shingo imebaki mishipa, na kila pumzi inapiga filimbi. Nikapiga goti, shikamoo Fundi. Marahaba, akasema, na akanionyesha benchi. Mama Skola akaniletea uji akaingia ndani. Tukaongea habari za mpunga, mvua, nani amekufa. Maneno nilikuwa nayo tangu Kagongwa, na niliona nikimaliza uji ule bila kusema sitasema tena maishani.

"Fundi, ule mninga. Mimi ndiye niliyewapeleka."

Alivuta pumzi zake tatu nne.

"Najua."

Nikamuuliza nani alimwambia.

"Aniambie nani? Nilimwonyesha mtu mmoja. Hata huyu mama hapa ndani sikumwonyesha." Akapumzika. "Nilijua pale pale, nilipogeuza gogo."

Nikaanza kupiga hesabu, na hesabu ikaniumiza: asubuhi zote zile, za zaidi ya miaka miwili, alishuka anajua, akagonga tawi langu anajua, akapanda akasema nendeni. Nikamuuliza ilikuwaje basi aendelee kunipigia matimba.

"Sasa ulitaka nikupigie mabovu?" Alikasirika kabisa, kile kikohozi cha hasira ninachokijua. Mama Skola akachungulia mlangoni, Fundi akamwonyesha kwa mkono kwamba hakuna kitu. Alipotulia alisema kwa sauti ya chini. "Siku ile ya dari, niliposimama. Sikuuogopa mwamba. Nilijiogopa mimi. Ndiyo maana nikakutoa kwanza."

Nililia. Mtu mzima, nina watoto, nililia mbele ya kikombe cha uji. Nikaanza kusema nisamehe, akainua ule mkono wenye kidole kifupi kunizuia.

"Dari nilikushikia. Msamaha bado."

Nilikaa mpaka kivuli cha nyumba kilipotufikia, hatukuongea tena mambo hayo. Nilipoaga nikamwambia nitarudi Jumapili. Macho yake yalikuwa barabarani.

"Rudi," akasema.